Saa Ambazo Begi Haliko Nawe: Kufunga Mizigo kwa Safari ya Meli kutoka Galveston

Shikamooni wazee wetu. Na wengine wote, habari zenu. Naona viti vimejaa mpaka mlangoni na wengine mmekuja na kalamu, basi nitajitahidi nisikimbie.

Nimeombwa nizungumzie kufunga mizigo, kwa kuwa wengi wenu mmeshalipia ile safari ya Januari, kutoka bandari ya Galveston, Texas, hadi kisiwa cha Cozumel, Mexico, na kurudi, na kwa wengi hii ndiyo meli yenu ya kwanza. Kivuko cha Likoni hatukihesabu, na boti ya Dar kwenda Unguja pia hatuihesabu. Mimi nimefanya kazi kwenye meli hizi, mhudumu wa vyumba. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda, kusugua mabafu, na jioni ya siku ya kwanza kuyakuta mabegi yamepangwa koridoni na kuhakikisha kila moja limefika kwa mwenyewe. Kwa hiyo nimeona watu wanabeba nini, na nimeona pia wanakuja kulia kwa kukosa nini.

Watu wengi hufunga mizigo kwa kuhesabu siku. Siku tano, basi magauni matano, viatu jozi tano, na moja ya akiba ikitokea harusi. Lakini sikuwahi kuona mtu akipata taabu melini kwa sababu alipungukiwa na shati. Melini kuna taulo, kuna sabuni, kuna mashine ya kukausha nywele, na dukani utapata mswaki, ingawa bei yake itakuuma. Taabu huja kwenye zile saa ambazo begi liko mahali pengine na wewe uko pengine. Saa hizo ndizo za kufungia mizigo. Yakikaa sawa hayo, nguo jazeni mnavyopenda.

Tuanze na siku ya kupanda. Ukishushwa pale gatini Galveston, wapagazi wanakuja na matoroli yao. Begi lako kubwa unampa mmoja, linapigwa lebo yenye namba ya chumba, linakwenda kwenye mashine ya ukaguzi, na hutaliona tena kwa saa nyingi. Wewe unaweza kuwa ndani ya meli saa sita mchana, umeshakula, watoto wanalia wanataka kuogelea, na begi lenye nguo za kuogelea likafika mlangoni saa moja usiku, meli imeshang'oa nanga. Hakuna aliyekosea hapo. Mabegi ni maelfu na lifti za kuyapandisha ni chache.

Kwa hiyo kila mtu awe na mkoba wake mdogo wa mkononi, na ndani yake mtie vitu vya kuishi navyo mpaka usiku: hati zote za safari, dawa zote, miwani, chaja, nguo za kuogelea, maziwa na nepi za mtoto. Nimesema dawa zote, sikusema dozi ya siku moja. Na hati narudia: msizitie kwenye begi la lebo. Kuna mabwana nimewaona wametokwa na jasho pale kaunta, pasipoti imelala salama kabisa ndani ya sanduku ambalo liko kwenye mkanda upande wa pili wa ukuta.

Hapa kwenye dawa nikae kidogo, maana wazee wengi humu wana ya presha na ya sukari. Bebeni dawa za siku mbili au tatu zaidi ya safari. Sababu ni Galveston yenyewe. Majira ya baridi ukungu hushuka pale kwenye mlango wa bahari, na ukishuka, meli zote husimamishwa nje, za mizigo na za abiria, mpaka uinuke. Kuna watu wamekaa baharini siku nzima wakiuona ukungu tu, na bandari iko hapo hapo. Chakula kitaendelea kuwepo na muziki utaendelea, ila dawa yako ya presha haiuzwi pale dukani. Ziacheni kwenye chupa zake zenye jina lako, msizichanganye kwenye kibati kimoja. Na ile dawa ya mafua yenye pseudoephedrine, mnayoinunua hapa Marekani kwa kuonyesha kitambulisho, iacheni nyumbani kabisa. Kule Mexico dawa hiyo imepigwa marufuku.

Kulewa bahari nitalisema upesi. Ghuba ya Mexico mwezi wa Januari ikipigwa na upepo wa kaskazini huchafuka, na siku nzima ya kwanza mtakuwa katikati yake. Vidonge vya meclizine mnavipata duka lolote la dawa bila cheti, na unavimeza kabla hujaanza kulewa. Ukishaanza kutapika umechelewa. Vinaleta usingizi. Mwenye dawa nyingine amuulize daktari wake kwanza. Tangawizi nayo husaidia wengine, hata zile pipi zake.

Sasa karatasi. Najua hapa ndipo watu wanainamisha vichwa, na ndiyo maana sitapita haraka. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha. Ni halali, lakini mimi sikushauri. Ukivunjika mguu Cozumel na meli ikakuacha hospitalini, utarudi kwa ndege, na kwenye ndege utadaiwa pasipoti. Mwenye Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, beba kadi yenyewe, siyo picha kwenye simu, na pasipoti ya nchi yako iwe haijaisha muda. Mexico haimdai viza mwenye Green Card, hata kama pasipoti ni ya Kenya, Tanzania au Kongo.

Lakini kuna ndugu zetu ambao ombi lao la hifadhi bado halijajibiwa. Nisikilizeni vizuri. Meli ni nzuri, tiketi ni rahisi, na anayekuuzia hatakuuliza habari za uhamiaji. Ukifika Mexico umetoka Marekani, na kurudi Galveston ni kuingia nchini upya mbele ya ofisa wa mpaka. Ukitoka bila kibali cha kurudi unahesabiwa umeliacha ombi lako. Aliyekubaliwa kama mkimbizi naye anatakiwa awe ameshapata hati yake ya kusafiria kabla ya kuondoka. Mwonane na wakili kabla hamjafungua hata kabati la nguo. Na akina shangazi mnaochukua watoto wa ndugu: barua ya wazazi wote wawili, iliyopigwa muhuri wa mthibitishaji.

Haya, tupumue. Tuongee pasi.

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu mnajijua. Sisi ni watu wa kunyoosha nguo. Mtu wa pwani hatoki na kanzu iliyokunjamana, na Mkongomani ndiyo kabisa, suruali iwe na mstari unaoweza kukata mkate. Basi watu hufunga pasi ndani ya taulo, taulo ndani ya suruali ya jinzi, wakidhani mashine haitaona. Mashine inaona. Begi linavutwa pembeni, linapelekwa kwenye chumba cha walinzi huko chini, na wenzako wanapopiga picha jua linapokuchwa baharini wewe umepanga foleni kulifungua mbele ya askari. Pasi inachukuliwa, unaandikiwa risiti, unaipata siku ya kushuka. Birika la umeme vilevile. Mishumaa vilevile, na ubani wa umeme, na vyetezo, ndiyo, nimeviona.

Siyo ukorofi. Moto baharini hauna pa kukimbilia. Machi 23, 2006, meli Star Princess ikiwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaica, ilishika moto alfajiri kwenye varanda za vyumba. Kilichoshukiwa kuwa chanzo ni kipisi cha sigara. Vyumba vingi viliteketea au kuharibika, na abiria mmoja alikufa kwa moshi. Baada ya pale sheria za kimataifa zilibadilishwa hata kuhusu viti na mapazia yanayowekwa varandani. Kwa hiyo mlinzi akiishika pasi yako kwa sura ya msiba, mwelewe.

Kuna kitu kingine kinawakamata watu ambao hawana hatia kabisa: ile ekstensheni yenye kinga ya umeme, mnayochomekea televisheni nyumbani. Nyumbani waya mmoja una moto na mwingine umeunganishwa na ardhi. Melini hakuna ardhi, na mara nyingi waya zote mbili zina moto. Ile kinga haikutengenezwa kwa mpangilio huo, inaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu yake mwaka 2013. Kampuni nyingine siku hizi zinakataza ekstensheni za aina zote, kwa hiyo someni orodha ya kampuni yenu. Soketi chumbani ni chache, lakini chaja moja yenye matundu kadhaa ya USB inatosha familia. Na mkiweza nunueni kulabu za sumaku. Kuta za vyumba ni chuma, kulabu inanasa popote, unatundika kofia, mikoba, nguo zilizoloa. Hicho ndicho kitu kidogo nilichokuwa nikikiona nikajua huyu abiria amezoea.

Nguo mtanyooshaje? Chagueni kitambaa kisichokunjamana, muikunje kwa kuiviringisha. Mkifika mtundike bafuni, mfungue maji ya moto, mlango ufungwe, mvuke ufanye kazi yake. Au mlipe dola chache wawanyooshee. Usiku wa kuvaa rasmi suti si lazima. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, au kanzu na koti, ukiingia nalo ukumbini wapiga picha wa meli wanakufuata wao.

Kinachoshangaza wengi ni baridi. Galveston Januari mtapanda mkiwa na makoti, Cozumel mtashuka kwenye joto la kuvua viatu, na ndani ya meli kiyoyozi kinapulizwa kama jokofu la bucha. Mama zangu, bebeni kanga. Doti nzima, mkaikate vipande viwili. Kimoja kinakaa mabegani kwenye chumba cha kulia, kingine unajifunga ukitoka bwawani, maana hawapendi watu waingie kula wakiwa wameloa. Ufukweni unakitandika, mtoto akilala unamfunika, wakati wa swala unasalia. Zinakauka usiku mmoja na hazichukui nafasi. Nimewaona Wazungu wanalipa dola hamsini dukani kwa kitambaa chepesi zaidi ya hicho, tena hakina hata jina.

Vijana, zile nguo za madoadoa ya kijeshi ziacheni. Ninyi mliokulia nyumbani mnajua raia akivaa kombati kinachompata. Visiwa kadhaa vya Karibi vina sheria hiyo hiyo: Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago, na vinginevyo. Hata kama ni kaptula ya mtoto. Safari yenu ni ya Mexico, lakini kuna wenzenu nimesikia wanaitazama ile ndefu inayopitia Jamaica.

Simu: meli ikitoka bandarini washeni ile alama ya ndege. Meli ina mnara wake wa setilaiti, simu yako itaushika yenyewe, na bili utaikuta nyumbani. Nyimbo, mahubiri, kisomo, pakueni kabla. Na kuosha mikono, osheni kwa sabuni na maji. Ile jeli ya mlangoni haiviwezi vizuri virusi vya norovirus, na hivyo ndivyo vinavyowaangusha watu melini.

Sasa usiku wa mwisho, maana huu ndio unaozalisha visa. Mnaambiwa mabegi yawekwe nje ya mlango kabla ya saa nne au saa tano usiku, yachukuliwe, mtayakuta chini gatini asubuhi. Watu wametoka kwenye muziki, wamechoka, wanafungasha kila kitu kwa furaha, wanalala. Bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alinifungulia mlango asubuhi ile amevaa joho la bafuni la meli na soksi. Suruali zote zilikuwa zimeshashuka gatini. Nilimtafutia suruali ya sare kutoka kwa jamaa wa jikoni, fupi, ya miraba, akashuka nayo mbele ya wakwe zake. Kabla hamjafunga zipu, toeni nguo za kesho muziweke kitandani, na viatu, na hati, na dawa za asubuhi. Asiyependa adha hiyo anaweza kushuka akilibeba begi lake mwenyewe, mradi asiwe amebeba sanduku la kuhamia nyumba.

Maswali? Naam, mama.

Mama anauliza kama anaweza kubeba chapati na samaki wa kupaka kwa ajili ya mume wake. Mama, chakula kilichopikwa nyumbani hawakiruhusu kuingia. Biskuti na karanga za pakiti iliyofungwa mara nyingi zinapita. Pilipili ya chupa iliyofungwa bebeni, tena bebeni mbili, chakula cha kule ni kingi na kimepooza ulimini. Na siku ya kushuka Cozumel msitoke na tunda wala nyama kutoka mezani. Mbwa wa forodha wanalijua hata ndizi moja kwenye mkoba wa mtoto.

Chakula cha halali? Kipo, lakini ukiombe mapema kwa kampuni, wiki kadhaa kabla, kwa maandishi. Ukingoja mpaka umekaa mezani utakula samaki na viazi mpaka Galveston.

Kuna mkono kule nyuma. Ndiyo kaka, taulo za bluu za ufukweni ni za meli. Zinahesabiwa.