Hatua ya Sita

Mhadhara kwa viongozi wa jumuiya za wanafunzi wa chuo kikuu, Kisumu

Tumsifu Yesu Kristo.

Padre mlezi, masista, walimu wenzangu, nanyi viongozi wa jumuiya mliotoka Kondele, Manyatta, Nyalenda na hosteli za humu ndani, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya maisha ya kiroho ya mwanafunzi. Mada hiyo ni pana kama hili ziwa letu, kwa hiyo nitashika kona moja tu, ile inayoninyima usingizi.

Kila Jumatano jioni mnasoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, mnarudia neno lililowagusa, mnanyamaza, mnashirikishana. Mkifika hapo ni saa mbili na nusu. Geti la ploti linafungwa saa tatu, na kuna mwenye mtihani kesho asubuhi. Basi mnarukia sala za kufunga, Baba Yetu, kwaherini. Hatua ya sita, inayouliza Bwana anatutaka tufanye nini, imeachwa njiani. Nimekaa na jumuiya za wanafunzi kwa miaka kumi na miwili, na hatua inayorukwa kuliko zote ni hiyo.

Niwasimulie kosa langu. Kabla ya kuja hapa nilikuwa mlezi wa jumuiya katika chuo kingine. Tulikuwa na binti wa mwaka wa pili, mwimbaji wa sauti ya pili. Alikuwa akikaa mwisho wa benchi la tatu, karibu na dirisha, na karatasi zake za nyimbo alizitia alama kwa penseli ya kijani. Wiki ya tano ya muhula hakuonekana. Kwaya iliona pengo, ikamsogeza mwingine pale dirishani, na wimbo ukaendelea. Injili tuliyosoma Jumatano ile siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka tu kwamba tulishirikishana vizuri, na nilirudi nyumbani nimeridhika.

Mkopo wake ulikuwa umechelewa. Mwenye ploti alipiga kufuli lake juu ya kufuli la binti, nguo na madaftari yakabaki ndani. Aliyempokea ni mama mboga mmoja, Mwadventista, ambaye chumba chake kilikuwa nyuma tu ya nyumba tuliyokuwa tukifanyia sala. Binti alilala sakafuni pale wiki mbili, kisha akaenda kwao. Aliporudi chuoni mwaka uliofuata aliniambia, “Mwalimu, nilikuwa nawasikia mkiimba.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayenipa habari tu, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae wa tarehe 15 Agosti 1990, aliweka sehemu nzima juu ya utume wa kichungaji chuoni. Anasema utume huo unaisaidia jumuiya ya chuo iunganishe imani na maisha. Anadai tuwaangalie wanaoteseka kimwili na kiroho, maskini hasa, na anasema wajibu huo unaanzia ndani ya jumuiya ya chuo chenyewe. Nafurahi tunapokwenda kuwatembelea wagonjwa na watoto yatima, tusiache. Ila mlango wa kwanza kubishwa hodi ni ule wa jirani yako wa hosteli.

Na jirani huyo si lazima awe Mkatoliki. Waraka huohuo unataka uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe. Hapa Nyanza tunasoma pamoja na Waadventista, Waanglikana, waumini wa Kanisa la Legio Maria, Waislamu. Mwadventista akipangiwa mtihani Jumamosi, siku yake ya Sabato, kiongozi wa jumuiya ya Kikatoliki anaweza kufuatana naye hadi ofisini kumsemea. Huo nao ni utume, tena wa wazi kuliko mabango yetu.

Najua mtasema: padre yupo, hiyo ni kazi yake. Padre wetu ni mmoja. Ana Misa, maungamo, vipindi vya darasani, na simu isiyonyamaza. Tazameni ng’ambo ya ziwa hili. Mwishoni mwa mwaka 1882 Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliondoka Buganda wakaenda kusini mwa ziwa, wasirudi hadi 1885. Waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa wakifundishana sala na kulindana. Karoli Lwanga, kiongozi wao, mwenyewe alibatizwa Novemba 1885. Mei mwaka uliofuata, kule Munyonyo, aliwabatiza baadhi ya wenzake usiku, Kizito akiwemo, mvulana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao. Lwanga hakuwa na hata mwaka mmoja tangu ubatizo wake, lakini alimjua kila kijana aliyekuwa chini yake, na alijua nani anaogopa.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua, mwaka 1973 na tena 1976, kwamba Kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, walitaka watu wajuane hivyo. Jumuiya yenye fulana nzuri lakini haijui nani hajaonekana tangu wiki jana bado haijaanza kazi.

Basi hatua ya sita tuifanye hivi. Anzeni robo saa mapema. Baada ya kushirikishana, mmoja afungue daftari aulize: nani hayupo, nani ana habari zake? Wawili watumwe kesho yake, si baada ya wiki, na binti atembelewe na mabinti. Msiende kuhubiri. Bebeni unga kama upo, kaeni, sikilizeni. Yale mtakayoambiwa yasirudi Jumatano yamevaa nguo za maombi, “tumwombee fulani kwa sababu…”, maana hayo ni masengenyo hata yakianza kwa ishara ya msalaba. Andikeni tu: ametembelewa. Na mkimkuta mtu anasema afadhali afe, au amepigwa, msimwache peke yake. Mpigieni padre au mshauri nasaha usiku huohuo, msingoje kuche.

Masista wametununulia madaftari. Yako hapa mezani, moja kwa kila jumuiya. Katibu aje achukue la kwake kabla ya chai, na jina la kwanza la asiyeonekana aliandike leo.