Tuanze na nukta: mazungumzo na madaktari wa familia, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo vipi. Huko nyuma mnanisikia? Hii maiki inakoroma tu, basi ntapaza sauti kama niko soko la Mbuyuni.

Nimeambiwa niongelee nafasi za daktari wa familia kujifunza uhariri wa majarida ya kitabibu, na najua wengi mkisikia uhariri mnawaza koma na nukta. Haya, tuanze na nukta basi.

Miaka hiyo niko kituo kimoja, sikitaji, nikaandika mwongozo wa warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ukurasa mmoja tukabandika ukutani, nikaweka 5.0 mg nikijiona msomi kweli, ukatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, ile nukta ikafia njiani, ikasomeka 50. Siku moja nesi ananipigia, "Dokta, vidonge kumi kwa mpigo, una uhakika?" Jamani, miguu iliisha nguvu. Andika 5 mg, sifuri ya nyuma itoe, ila dozi ikiwa chini ya moja, sifuri ya mbele lazima iwepo, 0.5 na siyo .5. Yule dada alikuwa mhariri kunizidi mimi, tena hakuna aliyempa hata asante.

Sasa nafasi zenyewe. Kuna za kuhama kabisa, JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, kule Chicago wana fellowship, yaani nafasi ya kujifunza kazini, ya mwaka mzima yenye jina la Morris Fishbein, mzee aliyelihariri jarida hilo 1924 hadi 1949, na New England Journal of Medicine nao wana ya kwao Boston. Nzuri, sikatai, ila mwaka mzima kliniki unamwachia nani? Mi navutiwa zaidi na American Family Physician, jarida la madaktari wa familia wa Marekani, ambao fellowship yao imepewa jina la Jay Siwek, mhariri wao wa miaka 30 hadi 2018, na hiyo unaifanya kidogokidogo huku wagonjwa wako unaendelea kuwaona.

Na huyo daktari anayeona wagonjwa ndo wanamtaka. Bingwa anaandika "mgonjwa afanyiwe MRI", ile picha ya mashine ya sumaku, anahamia sentensi inayofuata, wala hana habari. Wewe wa Same au Rombo unagoma hapohapo: akafanyiwe wapi, nauli anatoa nani, na usiku wa leo kabla hajafika huko nimfanyie nini? Ukiyaandika hayo pembeni ya ukurasa, tayari umeshahariri.

Kwetu mlango wa karibu ni kupitia miswada, yaani kusoma makala za wenzako na kuzitolea maoni kabla jarida halijazichapa. African Journal of Primary Health Care & Family Medicine inasomwa bure mtandaoni, anza kuisoma, halafu waandikie uwaambie unajua nini, kisukari, uzazi, chochote. AuthorAID, mradi wa shirika la INASP wa kusaidia watafiti wa nchi kama zetu, nao wana kozi za bure za uandishi wa utafiti. Ila mswada ukitumiwa usikae nao miezi, na ni siri ya mwenyewe, usije ukautupia kwenye grupu la WhatsApp eti mnisaidie.

Eeh, dada wa dirishani anauliza malipo. Kupitia mswada kwa kawaida hulipwi kitu. Nimeusikia huo mguno!

Haya, karatasi mlizokuta kwenye viti ni muhtasari wa utafiti nimeutunga mwenyewe, nimeficha makosa matano, moja la dozi. Dakika kumi, chai ndo inapangwa pale.