Localhost maana yake "hapa hapa": jinsi ya kuamsha mfumo wa Django kwenye laptopu yako

Haya jamani, karibuni, walio nyuma sogeeni mbele kidogo maana hii maiki inakatika katika na mimi sauti yangu si ya mwadhini. Wenye laptopu fungueni, wenye simu tu msijali, mtafaidika pia, kuna sehemu simu itahitajika.

Nianze na hali ambayo wengi wenu mtakutana nayo, kama bado hamjakutana nayo. Umepata atachimenti mahali, siku ya kwanza unapewa linki ya git, ghala la faili za mradi, unaambiwa "ikloni hiyo, iwake kwa mashine yako, kesho tutakupa kazi". Unakloni, yaani unainakili folda nzima kwako. Unafungua README, ile faili ya maelekezo, iliandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani na ina mistari minne. Unafuata ile minne, inagoma. Unagugo, unabandika amri uliyoipata huko bila kujua inafanya nini, inagoma kivingine. Jioni imefika, stima imepotea mara mbili, na unaanza kujiuliza kwani mimi niliingia kompyuta kufanya nini, si ningesoma ualimu tu.

Sasa mimi nimekuja na swali moja tu, na hilo swali ndilo ninalojiuliza kila nikipewa mfumo wa mtu mwingine: huu mfumo unategemea nini ambacho hakimo ndani ya hii folda? Basi. Maana kilichomo kwenye folda umeshakipata, umekloni, ni chako. Kinachokusumbua ni kile ambacho mwenzako alikuwa nacho kwenye mashine yake akasahau kuwa anacho. Toleo la Python lililokuwa kwake, databesi yake, siri zake, hata saa yake. Kodi haijaharibika (kodi ya programu nasema, si ya nyumba wala ya KRA), ila imehama nyumba na vyombo vimebaki kule.

Natumia Django, ile fremu ya Python ya kujengea tovuti, kwa mfano kwa sababu ndiyo ninayoilia ugali. Ilizaliwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, huko Marekani, ikaachiliwa kwa umma 2005. Kumbukeni Kansas, tutairudia.

Kabla hujagusa pip, ile amri ya kushusha vifurushi vya Python, soma. Faili tatu tu: requirements.txt (orodha ya vifurushi), settings.py (mipangilio), na kama umebahatika, .env.example (mfano wa .env, ile faili ya siri kama paswadi na funguo). Dakika kumi za kusoma zitakuokolea siku mbili, na bando pia, maana wengine mnaanza kushusha vifurushi vya megabaiti mia tatu halafu ndio mnagundua toleo la Python silo. Ukiona kwenye requirements Django ni 5.2, jua unahitaji Python 3.10 kwenda juu. Ukiona ni mfumo wa zamani zamani na wewe una Python mpya ya 3.12, jiandae, kuna maktaba inaitwa distutils ambayo iliondolewa kwenye hilo toleo na vifurushi vingi vya kale vilikuwa vinaitegemea, kwa hiyo utaona lawama ya distutils haipo na utadhani kosa ni lako. Si lako. Weka Python ya zamani kidogo pembeni, usianze kubadilisha kodi ya watu siku ya kwanza.

Halafu venv, yaani chumba cha pembeni cha vifurushi vya mradi huu peke yake. Andika python3 -m venv venv, kisha source venv/bin/activate, ukiona jina venv limetokea kwenye mabano mwanzoni mwa mstari wa teminali ujue umo ndani. Najua kuna watu hapa wanaona venv ni mbwembwe. Ila ukiwa na Ubuntu za siku hizi ukipiga pip install bila venv inakukatalia kabisa, inakwambia hii mazingira inasimamiwa na mfumo wenyewe, na mtandaoni watakushauri uongeze neno la kuvunja kizuizi. Hilo neno lenyewe linasema "vunja vifurushi vya mfumo", sijui mnataka onyo gani zaidi.

Hapo kwa pip install wengi mtakwama kwenye psycopg2, ile ya kuongea na databesi ya Postgres. Itatoa makosa mekundu skrini nzima. Msiogope urefu, kwa Python mara nyingi jibu liko chini kabisa, watu wanasoma juu kama vile ni barua. Shukeni chini, mtaona inalia kuhusu pg_config. Maana yake mashine yako haina vifaa vya kuitengenezea hiyo maktaba, sudo apt install libpq-dev, rudia, mara nyingi inapita. Au weka psycopg2-binary ambayo imeshatengenezwa tayari, kwa laptopu inatosha.

Sasa databesi, hapa nataka tukae kidogo.

Ukiwasha mfumo na databesi haijakaa sawa utapata moja kati ya majibu mawili na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza linasema connection refused, poti 5432. La pili linasema password authentication failed. Yanafanana kwa kukukera lakini hayafanani kabisa kwa maana. Lile la kwanza ni umebisha hodi nyumba haina mtu, Postgres haijawaka au iko poti nyingine, kwa hiyo hata ubadilishe paswadi mara mia hakuna wa kuisikia. La pili ni umebisha, mtu amefungua mlango, amekutazama, akasema wewe sikujui. Huyo ni mzima, yuko macho, shida ni jina au paswadi uliyompa. Kwa hiyo la kwanza unaenda kuwasha sudo systemctl start postgresql, la pili unaenda kuangalia .env. Nimeona kijana ameondoa Postgres yote akaiweka upya, mara tatu, wakati paswadi ilikuwa na nafasi mbele yake kwenye faili. Nafasi moja tu!

Kuna mtu ananitazama hapo anajisemea kwani si nitumie SQLite tu, ile databesi ya faili moja, yaishe, haihitaji seva wala paswadi. Kweli, na kwa kujifunza ni nzuri sana. Lakini kama kule seva kunatumika Postgres, na wewe tumia Postgres, nikupe sababu moja. Una sehemu ya namba ya simu, umeandika max_length=10 kwa sababu 07 na kadhalika ni tarakimu kumi. Mzazi mmoja anaandikwa kwa +254, hiyo ni herufi kumi na tatu. Ukihifadhi moja kwa moja bila kupitia fomu, SQLite haijali urefu, inapokea tu, inatabasamu. Unasukuma kazi kwa seva, Postgres inakataa, mfumo unaanguka mbele ya mteja na wewe unasema maneno yale yale, "lakini kwangu inafanya kazi". Ndiyo, kwako inafanya kwa sababu kwako mlinzi amelala.

Nikija kwa .env, hapa sina budi nijianike.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mfumo wa karo wa shule moja, jina silitaji, wenyewe wanajijua. Kulikuwa na kitu cha kuwakumbusha wazazi deni kwa SMS. Nikataka kukijaribu kwa laptopu. Nikawa mvivu, nikachukua nakala ya databesi ya kweli kutoka kwa seva, na .env nikaichukua kule kule vile vile ilivyo, si ndiyo inayofanya kazi. Usiku kama saa tano nikabadilisha kiasi, nikaweka deni la shilingi 150,000 kwa kila mtu nione kama koma inakaa mahali pake, nikapiga ile amri. Teminali ikanyamaza kidogo halafu ikaanza kuandika imetumwa, imetumwa, imetumwa. Sekunde kama mbili nilikuwa nafurahi. Wazazi mia mbili na kitu, saa tano ya usiku, wanaambiwa wana deni la laki na nusu kwenye shule ambayo karo haifiki hata nusu ya hiyo. Asubuhi mwalimu mkuu alinipigia akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, una shida gani?" Ule upole ndio uliniua.

Sasa angalieni, kodi yangu haikuwa na kosa hata moja. Koma ilikaa vizuri! Kosa ni kwamba laptopu yangu ilivaa nguo za seva. Ufunguo wa SMS ulikuwa wa kweli, namba zilikuwa za kweli. Tangu siku hiyo laptopu yangu ina .env yake peke yake, na ndani yake hakuna ufunguo hata mmoja unaoweza kumfikia binadamu. Kwa barua pepe Django inakupa bure, unaweka EMAIL_BACKEND iwe ile ya console, barua badala ya kwenda inachapwa kwenye teminali unaisoma hapo. Kwa SMS unaandika kifunksheni chako cha mistari mitatu kinachochapa ujumbe badala ya kuutuma, na unachagua kipi kitumike kupitia .env. Na data ya kweli usiibebe kwa laptopu, Kenya kuna sheria ya kulinda data ya 2019, lakini hata isingekuwepo, laptopu yako ikiibwa kwa matatu itaenda na majina ya watoto wa watu. Tunga wazazi wa uongo. Wape majina ya kuchekesha, utawakumbuka.

Na .env iingie kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo git isizichukue, kabla ya kitu kingine chochote. Ukishaikomiti, yaani ukiihifadhi kwenye git, hata ukiifuta baadaye inabaki kwenye historia ya git, mtu anairudisha kwa amri moja, kwa hiyo dawa si kufuta, dawa ni kwenda kubadilisha ule ufunguo.

Haya, mfumo umewaka, python manage.py migrate ya kutengeneza majedwali ya databesi imepita, python manage.py runserver ya kuwasha seva, unafungua localhost:8000 unaona ukurasa. Sasa toeni simu.

Fungueni localhost:8000 kwenye simu. Hakuna kitu, sivyo? Kwa sababu localhost maana yake ni hapa hapa, na simu ikiambiwa hapa hapa inajitafuta yenyewe. Zima ile seva, iwashe tena kwa runserver 0.0.0.0:8000, yaani sikiliza kila mlango na si wa ndani tu, halafu angalia anwani ya laptopu kwenye Wi-Fi, mara nyingi ni 192.168 nukta kitu, andika hiyo kwenye simu na poti yake. Itakupa kosa la DisallowedHost, hilo ni la kheri, maana umefika. Ongeza ile anwani kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya anwani zinazoruhusiwa iliyo kwenye settings.py. Na laptopu ikiwa imeunganishwa kwa hotispoti ya simu yako inakubali pia na haili bando, maana hayo mazungumzo hayatoki nje.

Jambo hilo hilo la hapa hapa ndilo linawaumiza wanaounganisha M-Pesa. Unatumia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa majaribio, ile shotikodi (namba ya biashara) ya 174379, na hata simu ikiitisha PIN, majibu hayarudi. Unaangalia anwani ya majibu uliyowapa, umeandika localhost. Ndugu yangu, umemwambia Safaricom akuletee mzigo "hapa hapa". Hapa wapi? Unahitaji handaki, ngrok http 8000 inakupa anwani ya nje yenye https inayoingia mpaka kwako, hiyo ndiyo unawapa, na unaiongeza kwa ALLOWED_HOSTS. Ikija ukapata 403 ni Django inaomba tokeni ya CSRF, ile ya kuthibitisha kwamba fomu imetoka kwenye ukurasa wako, ambayo Safaricom hawezi kuwa nayo, kwa hiyo ile view moja tu, kifunksheni kinachopokea majibu, unaipa csrf_exempt yaani unaisamehe, sio mfumo mzima tafadhali.

Sasa Kansas. Mradi mpya wa Django unakuja na TIME_ZONE ya UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, maana yake malipo ya baada ya saa sita usiku mpaka saa tisa yanahesabiwa siku iliyopita. Weka Africa/Nairobi. Lakini kuna mtu mmoja alikuwa "anasafisha" settings akafuta ule mstari wote, na ukiufuta Django inarudi kwa chaguo lake la asili ambalo ni America/Chicago, saa za kule gazetini. Mzazi amelipa saa moja asubuhi, risiti inasema jana yake usiku. Tulihangaika na hesabu ya kufunga siku wiki nzima tukidhani ni wizi.

Dada hapo ameuliza mbona sisemi Docker. Docker ni sawa, inakubebea toleo la Python na Postgres kwa pamoja, ile ya pg_config pengine hutaiona. Ila haikuandikii .env, na mimi na Docker yangu ningewatumia wale wazazi SMS vile vile. Halafu picha zake (images, vile vifurushi vyake) ni nzito, usizishushe kwa bando la siku.

Haya, muda umekwisha wa maneno. Ambao Postgres imeshawaka kaeni upande wa dirisha mnisubiri, wenye connection refused njooni hapa mbele, na mje na chaja zenu maana soketi ni mbili.