Kutikisa Nazi si Kuivunja

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Lamu, nanyi walimu mliovuka kutoka Mokowe.

Hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado nasikia watoto wakifunzwa hivi: ukitaka kujua kama nambari ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, itafutie vigawo, ukivikosa, basi ni tasa. Sivyo!

Nazi ukiitikisa sikioni usisikie maji, umekwisha kujua imeharibika. Hujaivunja, wala hujui imeoza upande gani, lakini hukumu unayo. Chukueni 2 kwa kipeo cha 1277, mtoe 1. Nambari hiyo ina tarakimu 385. Tunajua kwa yakini kwamba si tasa. Kigawo chake, hata kimoja, hakijapatikana.

Kuna anayejiuliza hapo nyuma: bila kigawo, yakini hiyo mmeitoa wapi? Basi tutikise nazi ndogo hapa ubaoni. Njia ni ya nambari za namna hii, 2 kwa kipeo fulani kutoa 1; ni ya mwanahisabati Mfaransa Lucas, na Mmarekani Lehmer akainyoosha mwaka 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoipima, shika baki peke yake. Rudia. Idadi ya mizunguko ni kipeo kutoa 2.

Kipeo kikiwa 5, nambari ni 31, mizunguko mitatu. 4 inatupa 14. 14 inatupa 194, baki 8. 8 inatupa 62, baki 0. Ukifika sifuri, nambari ni tasa.

Sasa kipeo 11. Nambari ni 2047, mizunguko tisa. Fuateni: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Hatukufika sifuri, kwa hiyo 2047 si tasa. Ni kweli, ni 23 mara 89, lakini mmeona wapi 23 ubaoni? Mmeona wapi 89? Hesabu haikuvihitaji!

Na shikeni baki kila mzunguko, la sivyo tarakimu zinaongezeka maradufu kila hatua na ubao hautoshi. Ukikosea tarakimu moja katika mzunguko wa tatu, zote zinazofuata ni batili, na hutagundua, kwa sababu baki yoyote isiyo sifuri inafanana na jibu la haki. Ndiyo maana kipimo hurudiwa upya kabisa, kisha baki za mwisho zikalinganishwa.

"Lakini kompyuta za leo zina kasi." Kasi ya kazi ipi? Mizunguko 1275 ya nambari yetu kubwa, simu iliyo mfukoni mwako inaimaliza mara moja. Kujaribu vigawo kimoja kimoja ni safari ya kufika kwenye kipeuo cha pili, chenye tarakimu 193. Kazi mbili hizi msizichanganye, nawasihi. Mwaka 2012 ilivunjwa, yaani vigawo vyake vikapatikana, 2 kwa kipeo cha 1061 kutoa 1, yenye tarakimu 320, kwa njia za kisasa na kompyuta nyingi. Ya 1277 bado inakaidi.

Funguo za siri za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwenye kompyuta, niziguse tu: kuzitengeneza kunategemea wepesi wa kutambua nambari tasa, na usalama wake unategemea ugumu wa kuvunja.

Vijana mnaotaka kujaribu kwa mkono, sikilizeni. Kigawo tasa chochote cha nambari ile ya kipeo 1277 ni lazima kiwe 2554 mara kitu, ongeza 1. Tena ukikigawanya kwa 8 kibakishe 1 au 7. Mashine zimekwisha kuzipitia hizi za mwanzo, lakini mkono nao ujifunze. Mara 1 ni 2555, baki 3, tupeni. Mara 2 ni 5109, baki 5, tupeni. Mara 3 ni 7663, baki 7, imepita. Ila ni 79 mara 97, haina utasa, tupeni. Mara 4 ni 10217, baki 1, nayo ni 17 mara 601. Nyinyi anzieni mara 5.