Pome ya Ohio haizai Goma: pandeni Anna, na majani yake msiyaache chini

Jambo sana bandugu wa Goma na Bukavu. Mti huu nyuma yangu ni Enterprise, pome ya baridi: inachumwa Oktoba hapa Ohio, Marekani, inawekwa penye ubaridi, na Machi bado inaliwa. Ganda ni gumu, lakini vigaga haviugusi, ule ugonjwa wa madoa ambao waagronomi wetu wanauita taveliri. Huu wa pembeni, GoldRush, matunda yake ni matamu zaidi, ila ugonjwa wa kutu unaupiga penye miti ya mijunipa karibu. Kwa hiyo mkiambiwa mti unahimili magonjwa, ulizeni: ugonjwa gani?

Vijiti vya miti hii mnavyoniomba mkapandikize kwenu, hapana. Miti hii inataka mamia ya saa chini ya nyuzi 7 ndipo macho, yaani vichipukizi, yaamke. Usiku wa Goma haufiki huko. Utaona majani kwenye ncha tu, tawi uchi, maua hakuna.

Tafuteni pome zinazotosheka na baridi kidogo: Anna, ya Israeli, na Dorsett Golden ya Bahama, pamoja, maana Anna peke yake inazaa kidogo. Hizo ndizo zinazopandwa Kabale, kule Uganda. Shina la chini, lenye mizizi, ambalo pome inapandikizwa juu yake, liwe la aina ya MM.111. MM.106 kwenye udongo mzito wa Bukavu, maji yakituama, inaoza shingo, pale shina linapogusa udongo. Goma, vunjeni mawe ya volkano mpate shimo la sentimita 60, mjaze udongo na samadi iliyooza kabisa. Kiungo, pale pome ilipopandikizwa, kibaki sentimita 10 juu ya udongo.

Hata Anna inataka kupumzika, kwa hiyo baridi tunaiigiza kwa mkono. Wiki 3 au 4 baada ya kuvuna, nyofoeni majani yote. Angalieni kidole changu: shika kikonyo, vuta kuelekea ncha. Ukivuta kwenda chini, jicho linatoka na ganda, na ua limekwenda. Halafu lazeni matawi kwa kamba.

Yale majani sasa! Anna haina kinga ya vigaga, na kuvu inaishi kwenye majani yaliyoanguka. Msiyaache chini ya mti eti ni mbolea, fukieni mbali. Kata matawi ya katikati, upepo upite. Jani likikaa na maji saa 9 kwenye nyuzi 20, hali ya hewa ya kwetu Goma na Bukavu hasa, kuvu imeshaingia. Alama ya kwanza ni doa la kijani kilichofifia, kama masizi. Geuza jani, liangalie na chini.