Kipindi cha leo: Mche na udongo wake

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuliandaa mafunzo matatu kwa wanaoanza kazi ya protini za utando wa seli. Lakini dada Zuhura tangu juzi hajatulia.

ZUHURA: Nitatuliaje, kaka? Nilitia polima ya SMA, yaani mnyororo mrefu wa stairini na asidi ya maleiki, kwenye utando wa bakteria E. coli. Maji yalikuwa meupe, kidole hukioni upande wa pili wa chupa. Baadaye naiinua, nasoma tangazo la ukutani kupitia humo humo! Na sabuni, ile ya kawaida ya kutolea protini kwenye utando, hata tone sijatia.

BARAKA: Waeleze kilichotokea.

ZUHURA: Stairini inakimbia maji, inajichomeka kwenye lipidi, mafuta yanayojenga utando. Asidi ya maleiki inapenda maji, inabaki nje. Polima inaukata utando visahani vya nanomita kama 10, na protini inatoka na lipidi zake za asili. Watafiti wa Birmingham walionyesha mwaka 2009 kwamba SMA inaweza kutengeneza visahani vyenye protini ndani. Sabuni inazinyofoa hizo lipidi. Hii ni kuhamisha mche na udongo wake.

BARAKA: Mche! Wiki nzima kwenye simu ni mche tu. Haya, udongo wenyewe unakaa? Visahani vikigongana, lipidi zinahama toka kimoja hadi kingine.

ZUHURA: Ni udongo wa shamba lile lile!

BARAKA: Ahaa, sasa mche una majirani.

ZUHURA: Cheka. Tazama AcrB, pampu inayotema antibiotiki nje ya bakteria. Mwaka 2018, kwa hadubini ya elektroni, lipidi zilionekana zimejipanga katikati yake, pale protini tatu zinapokutana. Ungeziona kwa sabuni?

BARAKA: Picha nzuri, sibishi. Lakini pampu kazi yake ni kutoa dawa ndani kuipeleka nje. Kwenye kisahani, ndani ni wapi? Maji ni yale yale pande zote.

ZUHURA: Napima inavyoishika dawa.

BARAKA: Kushika si kusukuma. Halafu P-glikoprotini, ile inayofukuza dawa za saratani, inatumia ATP, nishati ya seli, pamoja na magnesi. Magnesi ikizidi, SMA inaganda na kuzama.

ZUHURA: Kuna polima nyingine, DIBMA, inavumilia magnesi.

BARAKA: Inakupa ndani na nje?

ZUHURA: Hapana. Ila lazima kwanza tujue protini ikoje kwake, ndipo tuulize inafanya nini.

BARAKA: Kwangu mimi inachofanya ndicho ilivyo. Mche usionyonya maji utajuaje kama u hai?

ZUHURA: Usinichukulie mche wangu! Sikubali, Baraka.

BARAKA: Nami sikubali. Na dakika zimekwisha, hata somo la kwanza hatujaligusa.

ZUHURA: Jamani! Basi hili moja: SMA haitaki asidi, pH isishuke chini ya 7, na bafa, maji yanayoshikilia pH, yenye—

BARAKA: Tunakatwa, dada. La bafa wiki ijayo.

ZUHURA: Na DIBMA!

BARAKA: Na ndani na nje. Kwaherini.