Jani la Manjano na Protini Zake: Mhadhara wa Tunguu

Assalaamu alaykum. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo: tungule zikigeuka manjano, msikimbilie yuria. Nimelisema Wete, nimelisema Makunduchi, na leo nalirudia hapa Tunguu kwa sababu bado naona yuria inamwagiwa mimea ambayo haina shida yoyote ya nitrojeni.

Tazameni kwanza manjano yameanzia wapi. Nitrojeni ikipungua, mmea huvunja protini za majani makongwe ukalisha machanga, kwa hiyo ya chini ndiyo yanayotangulia. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikikosekana huumia majani ya kileleni, tena mishipa hubaki kijani na nafasi zilizo katikati yake ndizo zinazofifia.

Udongo wa maweni, huu wa mawe ya chokaa, mnaujua, sitaueleza. Mtu huniambia: “Mwalimu, hapa hakuna chuma.” Kipo! Wekundu wa ule udongo uliojaa kwenye mashimo ya mawe ni wa nini, kama si chuma? Tatizo ni chokaa: huipandisha pH, kile kipimo kinachoonyesha asidi imepungua kiasi gani. Kila pH inapopanda kwa 1, chuma kinachoweza kuyeyuka majini hupungua mara 1,000 hivi. Mmea umezungukwa na chuma usichoweza kukinywa.

Wala haukai ukingojea kufa. Kwenye ngozi ya mzizi huongeza protini tatu. Ya kwanza husukuma nje protoni, yaani chembe zinazoleta asidi, ili udongo ulio karibu uwe na asidi. Ya pili, FRO2, hukipa chuma elektroni kiwe katika hali inayopitika. Ya tatu, IRT1, hukiingiza ndani. Hii ya tatu ilitambuliwa mwaka 1996, kwa kutia jeni za mmea ndani ya hamira isiyoweza kujitafutia chuma na kuona ipi itaiokoa. Sasa, katika udongo wa chokaa ile asidi humezwa na bikaboneti, itokanayo na hiyo chokaa, punde tu inapotoka. Mmea unafanya kazi kubwa na haupati kitu.

Najua atasimama mtu aseme: hayo ni ya Arabidopsis, gugu dogo la nchi za baridi, yanamhusu nini mkulima wa Jambiani? Yanamhusu sana, kwa sababu jeni inayoamrisha kazi hii yote ilipatikana kwanza katika tungule. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walieleza tungule wa ajabu: majani manjano, mmea unadhoofu, hata pale ambapo tungule wengine wanajitafutia chuma chao. Walipopandikiza, ikaonekana kasoro iko mzizini. Ukiweka kilele cha mgonjwa juu ya mzizi mzima, majani yanarudi kijani. Ukigeuza, kilele kizima kinaugua. Mwaka 2002, Ujerumani, jeni yenyewe ikatolewa hadharani, ikaitwa FER. Protini yake ndiyo inayowasha zile nyingine, na mwenzake katika Arabidopsis, FIT, alifuata mwaka 2004. Kwa hiyo msiniambie sayansi hii ni ya watu wengine. Imeanzia kwenye tungule!

Haya, shaba. Ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya jani, kuna sumu ya oksijeni ambayo lazima iondolewe, na mmea una vimeng'enya viwili vya kazi hiyo hiyo: kimoja kimejengwa kwa shaba na zinki, kingine kwa chuma. Shaba ikipungua, protini iitwayo SPL7 huamrisha vipande vifupi vya RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni, vikate ujumbe wa kutengeneza kile cha shaba, na hapo hapo huwasha kile cha chuma. Kwa nini? Kwa sababu shaba iliyobaki inatakiwa na plastosianini, protini ndogo inayobeba elektroni katika usanisinuru, ambayo mmea wa nchi kavu hauna mbadala wake. Mwani Chlamydomonas anao: huiweka kando akatumia protini nyingine, saitokromu, yenye chuma. Mpapai wako hawezi.

Chuma kikipungua, mambo hugeuka: kimeng'enya cha chuma hushuka, cha shaba hupanda, na shaba huongezeka majanini. Hapa ndipo ninapokasirika. Majibu ya maabara yanakuja, shaba iko juu, na mshauri anaandika “shaba imezidi, ipunguzwe”. Ipunguzwe vipi, na mmea umeivuta wenyewe kuziba pengo la chuma? Soma shaba na chuma pamoja, au usisome kabisa. Tena chukua majani machanga. Jani kongwe litakudanganya.

Muda umekwisha, naona ishara. Kwa haraka: salfeti ya chuma ukiimwaga kwenye chokaa hufungika upesi, kwa hiyo nyunyizia majani, au tumia chuma kilichofungwa na EDDHA, kemikali inayokishika kisifungike udongoni, kwani kile cha EDTA, kemikali nyingine ya aina hiyo, hakistahimili pH ya maweni. Mpunga, mahindi na mtama wana njia yao nyingine: mizizi hutoa asidi za mujineiki zinazokamata chuma, na mzizi ukazivuta tena ndani. Hilo linahitaji mhadhara wake. Na IRT1 haichagui, huingiza pia zinki, manganizi na hata kadimi, metali yenye sumu, kwa hiyo mchicha wenye njaa ya chuma usipandwe kwenye taka za betri.

Maswali. Tuanze na mabibi shamba wa kule nyuma.